Bernhard Riemann: Mtoto wa mchungaji aliyewaachia wanahisabati kitendawili

JULAI 19, 1866, Mjerumani mmoja mwenye umri wa miaka 39 alikuwa amejipumzisha chini ya mtini katika kijiji cha Selasca, kando ya Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kumdhoofisha, lakini kalamu ilikuwa bado mkononi. Alikuwa akiandika kuhusu namna sikio la binadamu linavyofanya kazi.

Kesho yake alifariki dunia, na kazi hiyo ya sikio haikumalizika.

Hata hivyo, si kazi hiyo iliyolifanya jina lake lidumu. Miaka saba kabla ya kifo chake alikuwa amechapisha makala fupi, isiyozidi kurasa 10, kuhusu namba. Ndani ya makala hiyo aliweka dai moja ambalo mwenyewe alikiri kuwa hakuweza kulithibitisha. Tangu siku hiyo dai hilo limewatoa jasho mabingwa wa hisabati wa dunia nzima, na hadi leo hakuna aliyelithibitisha wala aliyelikanusha.

Huyo ndiye Georg Friedrich Bernhard Riemann, mtu ambaye wengi hawajawahi kumsikia, ilhali yeyote anayetumia ramani ya simu kutafuta njia ananufaika, bila kujua, na mawazo yaliyotoka kichwani mwake.

Maisha ya dhiki

Riemann alizaliwa Septemba 17, 1826, katika kijiji cha Breselenz, katika uliokuwa Ufalme wa Hanover, sehemu ya Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri ambaye ujanani alipigana katika vita dhidi ya Napoleon. Bernhard alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita.

Nyumba ya mchungaji huyo ilikuwa na upendo mwingi na fedha kidogo. Watoto walikua wakiwa na afya dhaifu, na Bernhard mwenyewe alikuwa na haya kupita kiasi, akiogopa kusimama na kuzungumza mbele ya watu. Baba yake ndiye aliyemfundisha kusoma na kuhesabu mpaka alipofikia umri wa miaka 10.

Mwaka 1840 alipelekwa mjini Hanover kuishi na bibi yake ili aende shule. Bibi huyo alipofariki miaka miwili baadaye, kijana huyo alihamia shule ya sekondari ya mji wa Lüneburg.

Huko mkuu wa shule alikitambua kipaji chake, akamfungulia maktaba yake binafsi. Inasimuliwa kwamba siku moja alimwazima kitabu cha Mfaransa Legendre kuhusu nadharia ya namba, kitabu chenye kurasa zaidi ya 800. Riemann alikirudisha baada ya siku sita, na alipoulizwa habari zake miezi kadhaa baadaye, alijibu kama mtu aliyekifunga jana.

Mwaka 1846 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen kusomea teolojia. Hayo ndiyo yaliyokuwa matarajio ya mzazi wake, na kwa familia maskini uchungaji ulikuwa na uhakika wa mkate. Lakini moyo wa kijana ulikuwa kwenye hisabati. Alimwandikia baba yake kuomba ruhusa ya kubadili masomo, na mzee yule akakubali. Mwaka huo huo familia ilimpoteza mama.

Göttingen ndiko alikofundisha Carl Friedrich Gauss, aliyehesabiwa kuwa mwanahisabati mkubwa kuliko wote wa zama zake. Mwaka 1847 Riemann alikwenda Berlin, akasoma kwa miaka miwili chini ya mabingwa wengine wakiwamo Dirichlet na Jacobi, kisha akarejea Göttingen na kukamilisha tasnifu yake ya udaktari mwaka 1851, akisimamiwa na Gauss.

Mhadhara wa mwaka 1854

Ili aruhusiwe kufundisha chuoni, Riemann alitakiwa kutoa mhadhara mbele ya jopo la walimu. Kwa desturi, mtahiniwa alipendekeza mada tatu, na jopo kwa kawaida lilichagua ya kwanza. Riemann aliziandaa vizuri mbili za mwanzo. Ya tatu, iliyohusu misingi ya jometri, aliiweka kukamilisha idadi.

Gauss aliichagua ya tatu. Mzee huyo alikuwa ameliwaza suala hilo kwa miongo mingi, na alitaka kuona kijana angelikabilije.

Juni 10, 1854, Riemann alisimama mbele ya walimu wake. Kwa zaidi ya miaka 2,000 watu walikuwa wakiifuata jometri ya Euclid, ambamo mistari sambamba haikutani kamwe na pembe za ndani za pembetatu hujumlika kuwa nyuzi 180. Wengi waliamini kuwa hakuna nafasi nyingine inayowezekana.

Riemann alionyesha kuwa zipo jometri nyingi, na kwamba nafasi yenyewe inaweza kupinda. Mfano mwepesi ni uso wa dunia. Mtu akisafiri kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta, akageuka na kufuata Ikweta kwa robo ya mzunguko wa dunia, kisha akarudi Nchani, atakuwa amechora pembetatu yenye pembe tatu za nyuzi 90, jumla nyuzi 270. Riemann alitoa njia ya kupima mpindo wa namna hiyo akiwa ndani ya nafasi yenyewe, bila kuhitaji kutoka nje na kuitazama.

Gauss, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliondoka mkutanoni akiwa amevutiwa mno. Alifariki dunia miezi minane baadaye, na mhadhara wenyewe haukuchapishwa hadi mwaka 1868, miaka miwili baada ya mwandishi wake kuzikwa.

Albert Einstein alipokuwa akitafuta namna ya kuieleza nguvu ya uvutano, rafiki yake Marcel Grossmann alimwelekeza kwenye jometri ya Riemann. Mwaka 1915 Einstein alikamilisha nadharia yake, inayosema kuwa maada huipinda nafasi na wakati. Mei 29, 1919, wakati wa kupatwa kwa jua, wanasayansi wa Uingereza walipiga picha za nyota katika kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, na mjini Sobral nchini Brazil. Vipimo vyao vilionyesha mwanga ukipinda karibu na jua kama ilivyotabiriwa.

Leo saa za satelaiti zinazoongoza ramani za simu hulazimika kusahihishwa kwa kanuni hizo. Bila masahihisho hayo, ramani ingepotoka kwa kilometa kadhaa kila siku.

Namba zilizoitwa tasa

Wakati akijulikana kwa jometri, Riemann alikuwa na jambo jingine akilini. Agosti 1859 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Berlin, na kama shukrani alituma makala kuhusu idadi ya namba tasa. Ndiyo makala pekee aliyopata kuichapisha kuhusu nadharia ya namba.

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote kamili ila 1 na yenyewe. Mifano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Kiswahili kimeziita tasa, lakini ndizo zinazozaa namba nyingine zote: 12 hutokana na kuzidisha 2 kwa 2 kwa 3, na 30 ni 2 kwa 3 kwa 5. Wagiriki wa kale walikwisha kuthibitisha kuwa hazina mwisho.

Tatizo ni kwamba hazina mpangilio unaoonekana. Kati ya 90 na 100 ipo moja tu, nayo ni 97. Mara baada ya 100 zinatokea nne kwa mkupuo: 101, 103, 107 na 109. Halafu baada ya 113 hakuna nyingine hadi 127.

Hata hivyo, ukizitazama kwa mbali utaratibu unajitokeza. Chini ya 100 zipo 25, chini ya 1,000 zipo 168, na chini ya 1,000,000 zipo 78,498. Zinapungua taratibu kadiri namba zinavyokua. Gauss, akiwa kijana wa miaka kama 15, alibuni kanuni ya kukadiria idadi hiyo, na kwa namba hadi milioni moja kanuni yake ya baadaye hukosea kwa takriban 130 tu.

Swali likawa: kosa hilo ni kubwa kiasi gani, na linatawaliwa na nini?

Hapo ndipo Riemann alipoingia. Alichukua kanuni iliyochunguzwa karne moja kabla na Mswisi Leonhard Euler, ambayo inaunganisha namba zote kamili na namba tasa. Akaipa jina la herufi ya Kigiriki, zeta, kisha akaipeleka mahali ambapo Euler hakufika: kwenye namba changamano, yaani namba zenye sehemu mbili, ambazo huweza kuwekwa kama nukta kwenye ramani, moja ikipima mashariki na magharibi, nyingine kaskazini na kusini.

Msomaji anaweza kuifikiria zeta kama nchi yenye milima na mabonde. Kila nukta ya ramani ina kimo chake. Zipo sehemu ambazo kimo kinashuka na kuwa sufuri kamili, kama ardhi inayogusa usawa wa bahari. Riemann aligundua kuwa sehemu hizo ndizo zinazolitawala kosa la Gauss. Kila moja hutoa wimbi lake, na mawimbi yote yakijumlishwa hurekebisha makadirio mpaka idadi halisi ya namba tasa ipatikane.

Ukiacha sufuri za upande wa magharibi ambazo mahali pake panajulikana kikamilifu, zilizobaki alidhani zote zimejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka, unaokwenda kaskazini na kusini ukipita kwenye kipimo cha nusu. Ya kwanza iko kwenye kipimo cha 14.13, ya pili 21.02, ya tatu 25.01, na kuendelea bila kikomo.

Katika makala yake alieleza kuwa jambo hilo linaelekea sana kuwa kweli, kwamba alijaribu kwa muda kulithibitisha bila mafanikio, na kwamba aliliweka kando kwa kuwa halikuwa la lazima kwa lengo lake la wakati huo. Hakulirudia tena hadharani.

Furaha fupi

Mwaka 1859 ulikuwa wa heshima kwake. Dirichlet, aliyekuwa amerithi nafasi ya Gauss, alifariki Mei mwaka huo, na Julai Riemann akapewa kiti hicho. Kabla ya hapo alikuwa ameishi kwa ufukara, akitegemea ada za wanafunzi wachache. Darasa lake la kwanza lilikuwa na wanafunzi wanane, na alifurahi kuwa ni wengi kuliko alivyotarajia.

Kifo nacho kilikuwa kimeizoea familia yake. Baba na dada mmoja walifariki mwaka 1855. Mwaka 1857 alifariki kaka yake Wilhelm, aliyekuwa akiwatunza dada zao, na mzigo huo ukamwangukia Bernhard. Dada mwingine akafuata muda mfupi baadaye.

Juni 1862 alimwoa Elise Koch, rafiki wa dada zake. Mwezi uliofuata aliugua kifua, na hakupona tena. Kwa miaka minne alikwenda na kurudi Italia akitafuta hewa ya joto. Binti yao, Ida, alizaliwa Pisa mwaka 1863.

Juni 1866, majeshi ya Hanover na Prussia yalipokuwa yakikabiliana, Riemann aliondoka Göttingen kwa mara ya mwisho. Rafiki yake Richard Dedekind, aliyeandika habari za maisha yake, anaeleza kuwa alikufa kwa utulivu huku mkewe akisali kando yake Sala ya Bwana. Alizikwa Biganzolo, jirani na Selasca, na kwenye jiwe la kaburi lake paliandikwa andiko kutoka Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi.

Inasimuliwa kwamba huko Göttingen mtumishi wa nyumba alichoma sehemu ya karatasi zake kabla ya kuzuiwa. Zilizosalia zilihifadhiwa katika maktaba ya chuo. Kwa miaka mingi wasomi walidhani kuwa Riemann alibahatisha tu. Mwaka 1932 mwanahisabati Carl Ludwig Siegel alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa karatasi hizo: Riemann alikuwa amekokotoa kwa mkono sufuri za mwanzo, akitumia njia ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameifikiria. Njia hiyo ikaja kutumika katika kompyuta.

Trilioni 12 hazitoshi

Baada ya kifo chake, wasomi walianza kujaza mapengo aliyoyaacha. Mwaka 1896 Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin, kila mmoja kivyake, walithibitisha kuwa kanuni ya Gauss ni sahihi kadiri namba zinavyokua. Mwaka 1900, David Hilbert aliliweka swali la Riemann katika orodha yake ya maswali 23 ya karne ya 20. Mwaka 1914 Mwingereza G. H. Hardy alithibitisha kuwa sufuri zisizo na idadi zipo kwenye mstari, lakini hakuweza kuonyesha kuwa zote ziko hapo.

Inasimuliwa kuwa Hardy, kabla ya kuvuka Bahari ya Kaskazini katika hali mbaya ya hewa, alituma kadi ya posta akidai amelitatua swali hilo. Aliamini kuwa Mungu, ambaye Hardy hakuwa na uhusiano mzuri naye, asingemwacha azame na sifa asiyostahili. Alifika salama.

Mwaka 2020 watafiti David Platt na Tim Trudgian walitangaza kuwa kompyuta zimekagua zaidi ya sufuri trilioni 12 za mwanzo. Zote ziko kwenye mstari.

Mtu wa kawaida atauliza, ushahidi gani mwingine unatakiwa? Jibu la wanahisabati ni kisa kingine cha mwaka 1914. Katika kila hesabu iliyofanyika, makadirio ya Gauss yalizidi idadi halisi ya namba tasa, na ilionekana kuwa ni kanuni ya milele. J. E. Littlewood alithibitisha kuwa sivyo. Mbele huko, kwenye namba kubwa kuliko zote zilizokwisha kukaguliwa, hali hugeuka, na hugeuka mara zisizo na idadi. Mifano mingi si uthibitisho.

Hilo ndilo linalolifanya suala hili kuwa zito. Zipo kazi nyingi za hisabati zinazoanza kwa kudhania kuwa Riemann alikuwa sahihi. Ni nyumba zilizojengwa juu ya msingi ambao haujakaguliwa. Sufuri moja tu ikipatikana nje ya mstari, nyingi kati ya hizo zitaanguka.

Wapo wanaodai kuwa atakayelitatua swali hili atafungua siri za benki zote. Ni kweli kwamba mfumo mashuhuri wa kuficha taarifa, uliobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, hutegemea ugumu wa kuzitambua namba tasa mbili kubwa baada ya kuzidishwa. Lakini kuthibitisha dai la Riemann peke yake hakutoi njia ya kuzitenganisha.

Linaloshangaza zaidi ni uhusiano na fizikia. Mwaka 1972, wakati wa chai katika taasisi moja ya utafiti mjini Princeton, Marekani, Hugh Montgomery alimweleza mwanafizikia Freeman Dyson namna nafasi kati ya sufuri zinavyojipanga. Dyson aliutambua mpangilio huo mara moja. Ni ule ule unaotumika kueleza viwango vya nishati katika viini vya atomu nzito. Kwa nini namba tasa na atomu zifanane, hakuna anayejua kwa hakika.

Mwaka 2000, Taasisi ya Hisabati ya Clay ya Marekani ilitenga dola milioni moja kwa kila moja ya maswali saba, la Riemann likiwamo. Moja tu kati ya saba hayo limetatuliwa, na Mrusi Grigori Perelman aliyelitatua alizikataa fedha hizo mwaka 2010. Mwaka 2018 mzee Michael Atiyah, bingwa aliyeheshimika duniani, alitangaza kuwa amelitatua la Riemann, lakini wenzake hawakushawishika. Mwaka 2024 Larry Guth na James Maynard walipunguza kikomo cha idadi ya sufuri zinazoweza kuwa nje ya mstari, hatua kubwa kwa kuwa kikomo hicho kilikuwa hakijasogezwa tangu mwaka 1940. Wenyewe walisema bado mwendo ni mrefu.

Na si namba tasa tu. Katika mhadhara wake wa mwaka 1854, Riemann alitahadharisha kuwa sheria za jometri tunazozijua huenda zisifanye kazi kwenye vipimo vidogo mno, ambako hata dhana ya mwali wa mwanga hupoteza maana. Leo wanafizikia wanaojaribu kuunganisha nadharia ya Einstein na ile ya chembe ndogo wamesimama kwenye mlango huo huo, na haujafunguka.

Kazi zote za Riemann zilipokusanywa mwaka 1876 zilitosha katika juzuu moja. Wapo walioandika mara kumi ya hapo na wakasahauliwa. Yeye, mtoto wa mchungaji aliyeogopa kuzungumza mbele za watu, aliandika machache, akakiri wazi lile asilolijua, na zaidi ya miaka 160 baadaye bado hajapatikana wa kumjibu.